Kumcheka, Kumchekea na Kucheka Naye: Sarufi ya Kicheko na Mipaka ya Uchekeshaji katika Mkasa wa Idris Sultan

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna sarufi ya kitenzi -cheka na historia ya dhana ya utani zinavyotusaidia kuelewa mjadala kuhusu mipaka ya uchekeshaji wa jukwaani nchini Tanzania. Mfano unaochunguzwa ni wa mchekeshaji Idris Sultan, aliyehojiwa na polisi mwaka 2019 kwa sababu ya picha na kushikiliwa mwaka 2020 kwa sababu ya kicheko. Inaelezwa kwamba, chini ya hoja za uhuru wa kusema na staha, palikuwa na swali la kisarufi: nani yambwa ya kicheko, na nani ana haki ya kumtaja? Inadaiwa pia kwamba neno utani limehama kutoka kutaja uhusiano hadi kutaja tendo, na kwamba uhamaji huo umeacha kinga ya kale mdomoni mwa mchekeshaji bila kumwachia masharti yake.

Istilahi muhimu: uchekeshaji wa jukwaani, utani, yambwa, mnyambuliko, mipasho

1. Utangulizi

Mwezi Mei 2020 video fupi ilisambaa mtandaoni nchini Tanzania. Ndani yake mchekeshaji Idris Sultan anaonekana akiangalia picha ya zamani ya Rais John Magufuli aliyevaa suti iliyompwaya, kisha anacheka kwa muda mrefu. Tarehe 19 ya mwezi huo aliitikia wito wa polisi, akashikiliwa kwa zaidi ya wiki moja. Kwa mtafiti wa lugha, jambo la kushangaza katika tukio hili ni uhaba wa maneno. Mijadala mingi kuhusu mipaka ya uchekeshaji, hapa kwetu na kwingineko duniani, huanzia kwenye kauli: mchekeshaji kasema neno fulani kuhusu dini, kabila, jinsia au ulemavu, na wasikilizaji wanabishana kama neno hilo lilifaa. Hapa palikuwa na picha ambayo yeye hakuipiga, na kicheko.

Hata hivyo, hakuna aliyeitazama video ile akasema haikuwa na maana. Waliomtetea na waliomlaumu walikubaliana kwamba ilisema jambo; walitofautiana juu ya jambo lenyewe. Makala haya yanapendekeza kwamba tofauti hiyo inaweza kuelezwa kwa zana tulizo nazo katika isimu ya Kiswahili, na kwamba tukiieleza hivyo tunaona mambo ambayo hoja ya jumla ya uhuru dhidi ya staha huyaficha.

2. Safari ya mchekeshaji

Idris Sultan alizaliwa Arusha mwaka 1993. Umaarufu wake haukuanzia jukwaani. Mwaka 2014, akiwa mpigapicha, alishiriki shindano la Big Brother Africa lililofanyika Johannesburg, akaibuka mshindi na kupata zawadi ya dola 300,000 za Marekani. Baadaye akawa mtangazaji wa redio, mwigizaji wa filamu na mchekeshaji wa jukwaani. Mwaka 2021 alionekana katika filamu ya Afrika Kusini, Slay, iliyooneshwa na Netflix.

Safari hii inatofautiana na ya waliomtangulia. Amri Athumani, yaani Mzee Majuto, aliyefariki mwaka 2018, na Said Ngamba, yaani Mzee Small, aliyefariki mwaka 2014, walitoka katika vichekesho vya maigizo. Huko mchekeshaji huvaa uhusika: anakuwa mzee mkorofi, mume bahili, mgeni wa mjini. Kundi la Orijino Komedi nalo, lililovuma runingani kwa kuiga sauti na mienendo ya wanasiasa, lilikuwa na mavazi, mandhari na majina ya kisanaa. Mtazamaji alijua kwamba anayesema ni Joti au Masanja. Mchekeshaji wa jukwaani hana uhusika wa kujificha nyuma yake. Anasimama peke yake, anatumia nafsi ya kwanza umoja na jina lake halisi. Akihamia mtandaoni anapoteza hata jukwaa, maana kicheko chake kinamfikia mtazamaji katikati ya taarifa za misiba, matangazo ya biashara na habari za serikali. Sanaa ya aina hii ina mipaka myembamba sana kati ya msanii na raia, na kila mkasa unaoelezwa hapa chini unapita katika wembamba huo.

3. Kitenzi -cheka na yambwa yake

Tuchukue mzizi -chek- na minyambuliko yake ya kawaida:

(1) Asha alicheka.
(2) Asha alimcheka Juma.
(3) Asha alimchekea Juma.
(4) Asha alimchekesha Juma.
(5) Asha alicheka na Juma.
(6) Asha na Juma walichekana.

Sentensi ya (1) haina lawama yoyote. Kicheko ni tendo la mwili, kama kupiga chafya. Ya (2) inabadilika ghafla: kiambishi -m- peke yake kinageuza kicheko kuwa dharau. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anajua kwamba kumcheka mtu ni kumdhihaki, hata pasipo kutamka neno. Ya (3), kwa kauli ya kutendea, inampa Juma manufaa ya kicheko. Asha anamwonesha uso mkunjufu, pengine kupita kiasi, kama anavyofanya mzazi anayemchekea mtoto mtundu. Ya (4) ndiyo kazi ya mchekeshaji, na inafaa kutazama ni nani yambwa yake: ni hadhira, wala si anayesimuliwa. Ya (5) inawaweka wawili upande mmoja wa kicheko. Ukaribu huo una hatari zake, ndiyo maana wahenga walionya kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua. Ya (6) inagawa dharau sawa kwa sawa.

Kuna jambo moja zaidi. Tukiondoa kiambishi yambwa katika (2) tunapata Alicheka Juma, na hapo Juma anageuka kuwa ndiye aliyecheka. Kwa maneno mengine, kwa kitenzi hiki na yambwa yenye uhai, Kiswahili hakimruhusu msemaji kuacha suala hili gizani. Ama unaweka -m- na kukiri kwamba kuna anayechekwa, ama huweki na hakuna anayechekwa.

Video ya Mei 2020 haikuwa na kiambishi. Ilikuwa kicheko kitupu, mfano wa (1), kilichowekwa kando ya picha. Waliomtetea waliisoma hivyo: alicheka, na picha za zamani huchekesha, nani kati yetu hana picha ya suti ya kuazima? Waliomlaumu waliisoma kama (2): alimcheka Rais. Palikuwa pia na usomaji wa tatu ambao haukupewa nafasi kubwa, nao ni wa (5), kwamba alimwalika mtazamaji, na pengine Rais mwenyewe, acheke naye kuhusu ujana uliopita.

Je, anayeicheka picha ya mtu amemcheka mwenye picha? Sarufi inatoa jibu nusu. Katika Kiswahili, mwenye kiungo huchukua nafasi ya yambwa pale kiungo chake kinapotendwa: tunasema alimvunja mguu, si aliuvunja mguu wake, isipokuwa kwa kusisitiza. Mavazi aliyovaa mtu hukaribia hadhi hiyo. Walimcheka mavazi yake inasikika vizuri masikioni mwangu. Lakini walimcheka picha yake inakubalika kwa shida, na wengi wangependelea waliicheka picha yake. Basi picha yenyewe ipo mbali kidogo na mwenyewe, ila suti iliyomo ndani ya picha ipo karibu naye. Anayetaka kuona dharau anaiona suti; asiyetaka anaiona picha. Sidhani kwamba upande wowote ulikuwa ukidanganya.

4. Utani: uhusiano uliogeuka tendo

Utetezi wa kwanza wa mchekeshaji aliyebanwa ni kwamba alikuwa anatania. Kauli hiyo ina nguvu kubwa zaidi katika Kiswahili kuliko watoaji wake wanavyofikiri, kwa sababu utani si neno jingine tu la mzaha. Wanaanthropolojia walilichunguza mapema: Moreau aliandika kuhusu utani wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati uleule ambapo Radcliffe-Brown alikuwa akiunda nadharia yake ya mahusiano ya mzaha, katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihariri mfululizo wa maelezo ya utani wa makabila ya Tanzania. Kinachojitokeza katika kazi hizo ni kwamba utani ulikuwa mkataba. Ulifungwa baina ya koo, wajukuu na mababu, au makabila yaliyopigana kisha yakapatana, au yaliyokutana katika misafara ya biashara, kama Wanyamwezi na watu wa pwani. Mtani aliruhusiwa kutukana, kunyang'anya kuku, kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Lakini mtani huyohuyo alipaswa kufika msibani, kuchimba kaburi, kupika, na kumliwaza mfiwa. Katika jamii kadhaa humvalia marehemu nguo zake na kuiga mwendo wake mbele ya waombolezaji. Anayefanya hivyo bila kuwa mtani anavuruga msiba. Akifanya mtani, anatimiza wajibu.

Sarufi inahifadhi kumbukumbu ya mkataba huo. Nomino mtani haikai vizuri bila mmiliki: husemwa mtani wangu, watani zetu, na anayeitwa mtani wangu ananiita mimi mtani wake. Linganisha na mchekeshaji, ambaye ni mchekeshaji hata akiwa peke yake chumbani. Magazeti ya michezo yanapoziita Simba na Yanga watani wa jadi yanalitumia neno kwa maana yake kamili, kwa sababu leo anacheka huyu na wiki ijayo anachekwa, na hakuna mwenye haki ya kukasirika.

Kitenzi, kwa upande wake, kimelegea. Nakutania tu husemwa leo kwa mtu yeyote: mpita njia, abiria wa daladala, mwajiri. Utani kwa maana hii ni tendo la mara moja linalotangazwa na mtendaji mwenyewe, aghalabu baada ya kuona kwamba mambo yameharibika. Hapa ndipo mjadala wetu wa kisasa unapopata utata wake. Mchekeshaji anaposema ni utani tu anadai kinga iliyotokana na uhusiano, ilhali uhusiano wenyewe haupo. Anayemtania hakumrithi kama mtani, hana zamu ya kujibu kwenye jukwaa hilo, wala hatarajiwi kumzika.

Pamoja na hayo, nisingependa kuusifu utani wa kale kupita kiasi. Christensen, aliyeandika kuhusu Waluguru mwaka 1963, anaonesha wazi kwamba uhuru wa kijinsia ulikuwa sehemu ya utani, na si vigumu kukisia kwamba mzigo wa uhuru huo haukugawanywa sawa kati ya wanaume na wanawake. Zamu ya kujibu inaweza kuwapo kwa kanuni na kukosekana kwa hali halisi.

5. Kubadilishana nyuso

Kwa mwanga huu tukio la Oktoba 2019 linaeleweka vizuri zaidi. Siku ya kuzaliwa ya Rais Magufuli ilikuwa tarehe 29 ya mwezi huo. Idris Sultan alichapisha Instagram picha mbili zilizohaririwa: katika moja uso wake ulikuwa juu ya mwili wa Rais kwenye kiti chenye nembo ya taifa, na katika nyingine uso wa Rais ulikuwa juu ya mwili wake. Maelezo yake yalikuwa kwamba wamebadilishana kwa siku moja ili Rais aifurahie siku yake kwa amani. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alimjibu hadharani kwamba haelewi mipaka ya kazi yake, akamwagiza aripoti polisi. Alihojiwa kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa tuhuma ya kujifanya mtu mwingine.

Tuangalie kauli mbili za kitenzi. Mchekeshaji alitumia kauli ya kutendana: tumebadilishana. Picha zilikuwa mbili kwa sababu hiyo, kila mmoja akapata uso wa mwenzake. Ni umbo la utani, linalodai usawa wa zamu. Tuhuma ilitumia kiambishi rejeshi: kujifanya. Katika kujifanya mwenzako hayupo. Yupo mtendaji anayejitendea, akijitwalia kisicho chake. Picha ya pili, ambayo ndani yake Rais anapata maisha ya kijana wa mjini kwa siku moja, haina nafasi yoyote katika tuhuma hiyo. Imefutwa na kitenzi.

Wala haikuwa kwamba Rais hakuujua utani. Alikuwa mtaniaji hodari wa mikutano ya hadhara, aliyezoea kuwachokoza mawaziri na wananchi kwa makabila yao, na umati ukamshangilia. Utani ule ulikuwa unashuka kutoka jukwaani. Oktoba 2019 ulijaribu kupanda. Neno mipaka katika jibu la mkuu wa mkoa, kwa maoni yangu, linaeleweka kwa uelekeo huu kuliko kwa maudhui ya picha, ambazo hazikuwa na tusi.

6. Njia ya fumbo

Fasihi ya Kiswahili imekuwa na njia yake ya kupandisha kicheko bila kulipa gharama, nayo ni kuificha yambwa. Mipasho ya taarabu ni mfano ulio karibu. Katika ushindani wa miaka ya 1990 kati ya Khadija Kopa wa Tanzania One Theatre na Nasma Khamis wa Muungano, hadhira ilijua nani anapigwa kijembe, ilhali nyimbo ziliimbwa kwa wewe, yule na mwenzangu. Kanga hufanya vivyo hivyo: maandishi yake hayana anwani, na jirani anayelalamika amejitambulisha mwenyewe kuwa ndiye. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Na aliyeling'amua hana ushahidi.

Mbinu hii humwachia msikilizaji kazi ya kuweka -m-. Uchekeshaji wa jukwaani wa leo umeikataa, kwa sehemu kwa sababu umejifunza kutoka kwa wachekeshaji wa Marekani na Uingereza, ambao hutaja majina, na kwa sehemu kwa sababu picha haifumbi. Idris Sultan hakumtaja mtu, lakini picha ilikuwa imekwisha kumtaja. Alikuwa na ukimya wa mipasho bila kinga yake.

7. Wasio na zamu

Hadi hapa tumemzungumzia anayechekwa akiwa na nguvu kuliko anayecheka. Mjadala wa staha, hata hivyo, hauishii kwa wenye nguvu, na mchekeshaji anayelalamikia polisi anaweza, jioni hiyohiyo, kuwachekesha watu kwa lafudhi ya Mmakonde, mwendo wa kiwete au rangi ya mtu mwenye ualbino.

Ngeli ya KI-VI inaonesha jambo hili kwa uwazi. Kiswahili sanifu kinataka upatanisho wa viumbe hai: kipofu amefika. Mchekeshaji akisema kipofu kimefika, watu wanacheka, kwa sababu mtu amegeuzwa kitu kwa silabi moja. Lakini kiongozi pia yumo katika ngeli hiyohiyo kimofolojia, na kiongozi kimefika kinachekesha kwa kanuni ileile. Kisarufi hakuna tofauti kati ya dhihaka hizi mbili. Tofauti ipo nje ya sentensi. Kiongozi amepoozwa kwa dakika moja, kisha anarudi kuwa kiongozi. Ana walinzi, ana kipaza sauti, ana zamu. Kipofu anatoka ukumbini akiwa na ki- ileile aliyoingia nayo, maana ndiyo jamii inayomwitia kila siku. Kuhama kutoka zeruzeru kwenda mtu mwenye ualbino, au kutoka kilema kwenda mwenye ulemavu, kumechekwa na baadhi ya wasanii kama ulaini wa kileo. Katika nchi ambako watu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya viungo vyao, ni vigumu kuuona mzaha unaomfanya mtu kitu kuwa ni suala la ulaini.

Kenya inatoa tahadhari ya upande mwingine. Mzaha wa makabila, ambao Tanzania bado unabebwa na kumbukumbu ya utani, umekuwa mtaji mkubwa wa majukwaa ya Nairobi kwa miaka mingi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliharamisha dharau ya kikabila. Lafudhi ileile inayochekesha Dodoma inaweza kusikika Eldoret kama mwangwi wa jambo jingine. Mzaha haukubadilika, waliokuwa wakichekana waliacha kuaminiana.

Kutokana na hayo, staha anayoidai mkuu na staha anayoidai mnyonge zisiwekwe kwenye kapu moja, ingawa zote mbili husemwa kwa neno lilelile: amenidhalilisha.

8. Kicheko mbele ya sheria

Kipengele cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, kilichotajwa wakati Idris Sultan aliposhikiliwa mwaka 2020, kinahusu unyanyasaji wa kimtandao. Kinamkataza mtu kutuma mawasiliano kwa mtu mwingine kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Kipengele hiki, kama sarufi yetu, kinahitaji yambwa: lazima awepo mtu mwingine aliyetumiwa. Video iliyowekwa hadharani ilitumwa kwa kila mtu, na kwa hiyo ingebidi mwendesha mashtaka athibitishe kwamba miongoni mwa kila mtu palikuwa na mmoja aliyekusudiwa. Angelazimika, kwa lugha ya makala haya, kuiweka -m- kwa ushahidi badala ya kuihisi.

Kazi hiyo haikufanyika. Alipofikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu mwishoni mwa Mei 2020, shtaka halikutaja picha, suti wala kicheko. Alishtakiwa kwa kutumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine bila kutoa taarifa kwa mtoa huduma. Katika karatasi ile ya mashtaka yambwa ya kitenzi ilikuwa laini ya simu, na kama mchekeshaji yule alicheka au alimcheka ni swali ambalo hakimu hakuulizwa.